Ukungu wa Upande wa Kulia

Fundi aliingia jumba la makumbusho kwa mlango wa nyuma, ule wa kupitishia masanduku, na hakumsalimu mtu. Hilo peke yake liliwatosha walinzi kujua kwamba leo kuna jambo. Miezi saba walikuwa wakimwona akimletea mchumba wake chakula cha mchana, na hakuna siku aliyopita pale mlangoni bila kuwaachia utani. Leo alipita kama hakuna watu. Aproni ya kazini ilikuwa bado kiunoni, kucha nyeusi kwa wino, na kwapani alibana kitu kizito kilichofungwa kwa kitambaa cha flana. Mkono wa pili ulikuwa na kijitabu, amekikunja kwa nguvu mpaka jalada limepasuka.

"Dada, kwema lakini?" mlinzi mmoja alithubutu.

"Utasikia mwenyewe. Sitanong'ona."

Kijitabu chenyewe kilikuwa kimefika karakana saa mbili asubuhi, ndani ya bahasha nzuri, na kadi juu yake: *Kwa Fundi wangu. Uje umevaa lile gauni la buluu.* Jamani, alivyofurahi! Alinawa mikono mara mbili kabla ya kukishika. Baba yake, ambaye mtaa mzima unamwita Mzee Rola kwa sababu amezungusha gurudumu la mashine ya kuchapia tangu ujana wake, alivuta kigoda akasema, "Haya, tusomee. Tusikie mkwe wangu ameandika nini."

Basi akasoma kwa sauti, kifua mbele, kama mtoto aliyepewa zawadi mbele ya shule. Michoro ishirini na miwili iliyochongwa kwenye mabamba ya shaba na kuchapwa kwenye karatasi, kazi ya karakana ileile walimokaa, miaka sabini iliyopita, leo saa nane inafunguliwa watu wote waione. Alisoma ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, akiruka maneno magumu. Akafika ukurasa wa tisa, penye mchoro wa daraja na mto.

*Mistari ya maji inaanza kwa nguvu upande wa kushoto na kufifia upande wa kulia. Huu ni ushahidi usiopingika wa mkono wa kushoto, nao ni mkono wa mwasisi wa karakana mwenyewe. Ukungu ule wa upande wa kulia ni huzuni yake, ni ushairi ulioandikwa juu ya shaba.* Na chini kabisa, kwa herufi za kutafuta kwa kidole: *Karakana iliajiri pia mwanamke mmoja wa kusafisha mabamba.*

Mzee Rola aliacha kutikisa mguu. "Rudia hapo chini."

Akarudia.

"Mwanamke mmoja wa kusafisha mabamba," mzee alisema. "Mama yangu huyo. Na huo ukungu anaousema huyo bwana wako, huo ukungu ni mimi."

Maana nyumba ile nzima inajua hadithi ya bamba la daraja lile, pekee lililobaki, linalotunzwa kabatini. Bibi yake Fundi, mama yake mzee, ndiye aliyeyachonga mabamba yote, na hili akiwa na mimba ya miezi minane. Kuchonga shaba si kuchora kwa penseli. Kalamu ya chuma haivutwi, inasukumwa, na anayesukuma si vidole bali ni kiganja, bega, na uzito wa kifua unaolala juu ya meza. Sasa mtu mwenye tumbo la miezi minane atalalaje juu ya meza? Akianza mstari, nguvu ipo. Mstari ukifika mbali, tumbo limegota, mkono umenyooka mpaka mwisho, chuma kinakwaruza tu juu juu. Ndiyo maana maji ya mto ule yanafifia. Mwezi uliofuata akazaliwa Mzee Rola.

"Sikiliza, mama," mzee alimwambia binti yake, na alipomwita mama hivyo ilikuwa ni kwa sababu ndiye anayelibeba jina la bibi. "Wazee wake wasije Jumapili na mahari yao. Waambie nimesafiri, waambie nimekufa, utajua mwenyewe. Simwozi binti yangu mtu aliyemgeuza mama yangu kitambaa cha kufutia. Na kama wewe unamtaka, mfuate. Ila mlango huo utatoka peke yako."

Fundi aliinuka. Alilichukua bamba kabatini, akalifunga kwa flana, akatoka hivyohivyo na aproni.

Mchumba wake alikuwa juu ya ngazi ukumbini, bisibisi mkononi, akikaza kibao cha maelezo chini ya mchoro wa mwisho. Mtafiti wa makumbusho, kijana mrefu, mabega yamepinda kidogo kwa kuinamia makaratasi. Walipoanza kupendana Fundi alimwita Bwana Miwani, kwa jinsi anavyoipandisha kwenye paji la uso kisha anaitafuta chumba kizima. Mama yake alikuwepo pia, mwalimu mkuu mstaafu, anapanga kadi za majina kwenye viti vya mbele na kuzinyoosha moja moja. Mama huyo hajawahi kumpenda Fundi, na hajawahi kulificha. "Binti ni mzuri," alimwambia mwanawe siku moja, mlango ukiwa wazi makusudi, "lakini mtu amesoma miaka ishirini, aje aolewe na mikono ile?"

"Fundi!" Bwana Miwani aligeuka huko juu, uso wote ukafunguka kwa furaha. "Umewahi! Mbona hujavaa lile—"

"Shuka."

"Nimalize skrubu hii moja."

"Shuka nimesema. Siwezi kuzungumza na viatu vyako."

Akashuka. Akasimama mbele yake na lile tabasamu lake, na hapo Fundi alijichukia, kwa sababu hata katika hasira ile moyo ulimruka kama siku ya kwanza. Mtu huyu alikuwa anajua kucheka mpaka anashika ukuta. Mtu huyu alimnunulia glavu wakati wa baridi na kuzipasha moto kwanza kwa pumzi yake. Akakifungua kijitabu ukurasa wa tisa.

"Nani alikuwa anasafisha mabamba?"

Tabasamu likamtoka. "Umesoma."

"Nimesoma kwa sauti! Mbele ya baba! Nimemsomea baba yangu, kwa mdomo wangu huu, kwamba mama yake alikuwa mfagizi wa mabamba!"

"Sikuandika mfagizi. Na ile ni tanbihi tu, mpenzi. Orodha ya wafanyakazi ya karakana ndivyo inavyosema: mwanamke mmoja, kusafisha mabamba. Mimi siwezi kuandika kitu ambacho hakimo kwenye nyaraka."

"Orodha aliiandika nani?"

"Mwenye karakana."

"Tajiri mwenyewe! Ulitaka aandike nini? Kwamba michoro anayotia saini yake inachongwa na mwanamke aliyekaa chumba cha nyuma? Nyaraka, nyaraka! Hii hapa ni nini? Si waraka huu?"

Alilitua bamba juu ya kiti cha mbele, juu ya kadi ya mkurugenzi, akaifungua flana. Shaba ikamwangaza kidevu. Mama mtu akainua shingo.

"Binti, hicho kiti nimeshakipanga."

"Samahani, mama. Nitakipanga tena." Hata hakumtazama. Alimtazama Bwana Miwani. "Njoo hapa. Haya, msomi. Maji kwenye bamba yanaanzia wapi?"

"Fundi, tafadhali. Saa nane wageni—"

"Yanaanzia wapi?"

"Kulia."

"Na kwenye karatasi yako uliyotundika pale?"

"Kushoto."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu karatasi inageuza," alisema kwa sauti ndogo. "Kulia kwa bamba ni kushoto kwa karatasi."

"Inageuza! Mtoto anayecheza na muhuri anajua inageuza! Mchongaji wa mkono wa kushoto anasukuma kwenda kulia, sawa. Lakini hukusoma bamba, umesoma karatasi! Aliyechonga hapa ameanzia kulia, akasukuma kwenda kushoto. Mkono wa kulia, Bwana Miwani. Na Tajiri wako yule, kwenye kila picha aliyopigwa ameshika kalamu kwa kushoto, kama vile anatutolea ushahidi. Miezi saba! Miezi saba umekaa kwenye kigoda changu, unasema umekuja kujifunza kazi. Nimekuwekea mto wa ngozi chini ya bamba, nimekuonyesha jinsi ya kulizungusha, nimekuchongea mstari mmoja mara hamsini. Ulikuwa unaangalia nini?"

"Nilikuwa nakuangalia wewe," alisema, na hakuwa anatania.

Siku nyingine neno lile lingemmaliza hasira. Leo lilimchoma.

"Ndiyo. Umeniangalia macho, umeniangalia shingo. Mkono hukuuangalia hata siku moja. Lete kidole chako." Aliushika mkono wa kijana kwa nguvu, akauvuta kidole chake, akakigandamiza katikati ya kiganja chake mwenyewe cha kulia, pale penye duara gumu lililozama kidogo. "Hii ni nini?"

"Sugu."

"Imetoka wapi?"

"Kipini cha kalamu. Kile cha mbao."

"Umeibusu mara ngapi?"

Masikio yalimwiva. Mama yake, aliyekuwa akitazama dari, ghafla akaona kuna kadi imepinda.

"Umeibusu, ukasema 'pole'. Basi! Pole! Bibi yangu alikuwa nayo hapahapa. Alipozeeka vidole vilikataa hata kufunga kitasa, lakini shimo la kipini halikumtoka, na alizikwa nalo. Mtu wa kusafisha bamba anashika kitambaa. Kitambaa hakimtoboi mtu kiganja. Ulikuwa na waraka mdomoni, ukashindwa kuusoma!"

Alitarajia abishe. Alitaka abishe, kusema kweli, maana hasira ikikosa mtu wa kubishana naye inamgeukia mwenyewe. Lakini Bwana Miwani alikuwa amesimama tu, mikono chini, anaitazama sakafu. Na hapo Fundi akaona jambo. Tangu aifungue flana, mwanamume huyu hakulitazama bamba hata kidogo. Mtafiti! Mtu ambaye akiona kipande cha karatasi kuukuu anasahau kula. Amewekewa bamba mbele yake, wakati kijitabu chake kinasema mabamba yote yalishapotea, na haliangalii. Amejibu maswali yote kama mwanafunzi aliyeiba mtihani.

"Wewe," alisema polepole. "Wewe hili bamba umeliona."

Bwana Miwani aliigeuza bisibisi mkononi.

"Siku ile nyumbani. Siku ulipokuja kujitambulisha." Sasa ilikuwa inamrudia yote, kiti alichokalia, shati alilovaa. "Baba alifungua kabati akutambie, akakupakatisha. Ukalitazama. Ukakauka usoni, ukaomba maji."

"Fundi."

"Ukaomba maji! Tukakucheka! Shangazi akasema bwana harusi anaogopa wakwe. Mpaka leo tunakucheka, baba akitaka kunichokoza ananiambia 'mletee maji mume wako'. Kumbe haikuwa aibu."

"Hapana," alisema. "Haikuwa aibu."

"Ulijua."

"Nilijua."

"Tangu siku ile."

"Tangu pale pale. Nililiona linaanzia kulia, nikahisi sakafu imeondoka."

Fundi alijisikia baridi mwilini, baridi ya kweli, mpaka akajikunja mikono. Mpaka hapo alikuwa na hasira ya mtu aliyependa mjinga, na mjinga unaweza kumsomesha. "Na kijitabu," aliuliza, "siku hiyo kilikuwa kimeshapigwa chapa?"

Bwana Miwani alivua miwani. Bila miwani alionekana mdogo. "Bado. Kilipelekwa wiki mbili baadaye."

"Wiki mbili!"

"Nisikilize. Tafadhali nisikilize, halafu unipige ukitaka. Shahada yangu yote imesimama juu ya mstari ule. Miaka sita. Nimeonyesha mkono wa kushoto, watu wamenipigia makofi, nimepewa maonyesho haya kwa ajili ya hilo. Nikisema leo nimekosa, sina shahada, sina kazi, na sina uso wa kwenda kwa baba yako kukuomba. Nikasema nimalize hili kwanza. Nipate kazi ya kudumu, tuoane, halafu taratibu nirekebishe. Kwenye toleo la pili."

"Toleo la pili!" Sauti iligonga dari ikarudi. Mlinzi alichungulia mlangoni, akajirudisha haraka. "Bibi yangu asubiri toleo la pili! Amesubiri miaka sabini, si ndiyo, atashindwa nini kuongeza miwili mitatu? Ulale na mimi, ule sahani ya baba, umwite baba, na humo ndani ya kichwa chako unajua umemwekea mama yake kitambaa mkononi! Ungekuwa hujui ningekufundisha. Haki ya nani, ningekaa na wewe mwaka mzima nikufundishe. Lakini unajua, na umenyamaza, na umeniandikia kadi nivae gauni la buluu. Nije nikupigie makofi!"

"Nilikuwa naogopa kukupoteza."

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Ulikuwa unaogopa kupoteza makofi. Mimi nilikuwa nitakuwepo tu, si ndivyo? Fundi yupo, Fundi haendi kokote."

"Inatosha sasa," Mwalimu Mkuu alisema. Alikuja kwa zile hatua zake za ukaguzi wa darasa, akasimama kati yao. "Binti, hapa si gengeni. Mwanangu ana siku kubwa leo. Mimi niliona mapema kwamba mambo yatafika huku, nikasema, nikaambiwa nina roho mbaya. Kama mna ugomvi wenu wa kifamilia, mtaumaliza kesho."

"Mama, heshima yako iko palepale," Fundi alisema. "Lakini mimi nimemaliza. Aliyebaki na neno ni mwanao. Muulize wewe. Muulize alijua lini."

Mama alimgeukia kijana wake kwa tabasamu la mtu anayejua jibu. "Anakusingizia."

"Hapana, mama."

"Kwamba ile michoro uliyonisomea habari zake sebuleni, nikalia, haikuwa ya yule bwana?"

"Haikuwa yake. Ni ya bibi yake Fundi."

"Na ulijua kabla hawajachapa."

"Nilijua."

Yule mama alikitazama kiti chenye bamba, akazitazama kadi alizozinyoosha. Alipoongea, sauti ilikuwa ileile iliyowatetemesha watoto wa watu kwa miaka thelathini.

"Nimefukuza wanafunzi shule kwa kunakili hesabu mbili za mwenzao. Wazazi wao wamenipigia magoti, nimekataa. Nimerudi nyumbani nimekosa usingizi, na wewe ukiwa mdogo umeniuliza mama unalia nini, nikakwambia. Unakumbuka nilikwambia nini?"

"Nakumbuka."

"Basi usinifanye nirudie mbele za watu." Kisha akamgeukia Fundi, kidole juu. "Na wewe usidhani nimekugeukia. Simtaki mkwe anayepiga kelele kwenye jumba la watu, na hilo halijabadilika. Lakini bibi yako hakustahili hivi." Akaketi kiti cha mbele kabisa, mkoba mapajani, akakunja mikono, akatazama mbele kama anasubiri darasa litulie.

Fundi alilifunga bamba. Flana ilimponyoka, akafunga upya. Alitaka sana kumgusa yule mwanamume, na alitaka pia kumpiga na lile bamba, na hakuna hata kimoja alichoweza.

"Wazee wako wasije Jumapili," alisema. "Baba amekataa, na mimi sitamwomba abadilishe."

Akampa kisogo. Ukumbi ulikuwa mrefu kuliko alivyoukumbuka. Alipita mchoro wa soko, mchoro wa kinu, mchoro wa mwanamke anayeanika nguo, na kila mmoja ulikuwa na kibao chake kinachong'aa chenye jina la Tajiri. Alikuwa amebakiza hatua chache afike mlangoni aliposikia nyuma yake mlio mdogo wa skrubu ikizunguka. Akasema moyoni, anakaza kile kibao alichokiacha. Hata sasa! Akageuka amwambie neno la mwisho, baya kuliko yote.

Bwana Miwani hakuwa anakaza. Kibao cha daraja kilikuwa kimeshatoka, kimebaki na matundu mawili ukutani, na yeye ameshahamia kingine. Alikuwa anafungua kwa pupa, skrubu zinadondoka na kubingirika chini ya viti. Cha pili. Cha tatu. Alipofika kwenye vile vya juu, Mwalimu Mkuu aliinuka bila kusema kitu, akamshikia ngazi.

Fundi hakusaidia. Msidhani alikimbia kumkumbatia. Alisimama palepale, bamba kifuani, akahesabu vyote ishirini na viwili vikilundikwa sakafuni, na hasira haikupungua hata kidogo. Ila alikuwa bado hajatoka mlangoni.

Bwana Miwani alikuja na kibao kimoja amekigeuza upande wa nyuma ulio mtupu, na kalamu ya wino mzito.

"Niambie jina lake," alisema. "Jina kamili."

"Miezi saba," Fundi alisema. "Miezi saba hukuwahi kuniuliza."

"Sikuwahi. Nakuuliza sasa."

Akamtajia. La bibi mwenyewe, la baba yake bibi, na la babu yake, polepole, kwa sababu hakutaka herufi hata moja ikosewe, kisha akamweleza na habari ya tumbo. Kijana aliandika amepiga goti, kibao juu ya paja, kwa ule mwandiko wake mbovu. Akarudia kuandika kwenye kingine, na kingine. Alipofika cha kumi na tano vidole vilimkaza akaukung'uta mkono.

"Unauma?" Fundi aliuliza.

"Kidogo."

"Endelea."

Saa nane wageni waliingia wakakuta vibao vimegeuzwa, vimeandikwa kwa mkono, vingine vimekaa upande. Mkurugenzi alitazama ukuta, akamtazama mtafiti wake, uso ukamwiva. Bwana Miwani hakungoja kuitwa. Alisimama mbele, karatasi ya hotuba hana, akasema kijitabu walichokishika kina kosa kubwa, kosa ni lake, na ubaya zaidi ni kwamba alilijua akanyamaza. Akasema michoro yote ni ya mwanamke mmoja. Akalitaja jina lake. Akaeleza habari ya ukungu wa upande wa kulia, tumbo na yote. Mtu mmoja nyuma alianza kupiga makofi, akaona hapigi mwingine, akaacha. Mwalimu Mkuu hakupiga makofi, lakini alitoa kitambaa kwenye mkoba akafuta miwani yake ambayo haikuwa na vumbi.

Fundi alikuwa amesimama karibu na mlango, na aproni yake, kucha zake nyeusi. Safari hii ni yeye aliyeangalia mikono. Kwenye kiganja cha kulia cha Bwana Miwani bisibisi ilikuwa imemchuna.

Ilipokwisha alimfuata pale mlangoni. Walisimama karibu, karibu kuliko walivyopaswa watu waliogombana, na hakuna aliyemgusa mwenzake.

"Mkurugenzi amesema nisije Jumatatu," alisema. "Mpaka aniite. Na hakusema kama ataniita."

"Shahada?"

"Nitawaandikia mwenyewe. Kabla hawajasikia kwa watu." Alipumua. "Umenisamehe?"

"Sijakusamehe."

Akatikisa kichwa, kama mtu aliyelijua hilo akaona bora alisikie. Alianza kugeuka.

"Jumatatu," Fundi alisema. Aliushika mkono wake uliochunika, akaufungua, akakitazama kiganja kwa muda mrefu. Kilikuwa laini, hakina alama yoyote zaidi ya ule mchubuko. "Kwa kuwa huna pa kwenda. Saa mbili asubuhi, karakana. Sikuahidi kitu. Baba anaweza akakufungulia, anaweza asikufungulie, hilo ni lako na yeye. Vaa nguo kuukuu."

Macho yalimlowa kijana wa watu. "Nitakuja. Nifanye kazi gani?"

Fundi aliuachia mkono, akalipakata bamba lake vizuri.

"Utasafisha mabamba."